Vikombe vya Mhubiri

...na hivi vikombe vya maua jamani, kavitoa vya nini, vikombe ambavyo hapa bondeni Wales huguswa akija mhubiri au mtu akifiwa, Menna anajilaumu kimoyomoyo, na Lowri, binti wa halmashauri, kaketi pale dirishani, kalamu mkononi, ameshauliza na sasa anangoja, "Na wewe mwenyewe, Bi Menna, usingizi unaupata?"... usingizi, eti usingizi, mtu tangu alfajiri kapiga magoti anasugua kizingiti mgeni asije akasema nyumba imewashinda, na mgeni mwenyewe kaja kuona imewashinda kiasi gani apate kuwatafutia msaada, loo, akili hizi, hata ndoo ya usiku kaificha nyuma ya pazia, kamnyoa Idwal, kamfunga tai, tai! mtu ambaye kifungo cha shati tu kinamshinda tangu mwili uanze kumtetemeka, na Idwal naye kaketi wima kama bwana harusi, anamwambia binti wa watu, "Mimi sina shida, mwanangu, shida ni huyu mke wangu, ananilisha mpaka nitapasuka," na Lowri anacheka na kikeki chake mdomoni, "Lakini leo nimekuja kwa ajili yake, mzee, siyo yako"... kwa ajili yake, nani aliwahi kuja kwa ajili yake, daktari huja kwa Idwal, muuguzi kwa Idwal, hata paka hulala kwa Idwal, na ana haki, Idwal ni mtamu, mtamu hata sakafuni, juzi pale jikoni Menna alipomshika kwapani amwinue kitini, usingizi ukamchukua yeye Menna wima wima, wakateremka wote wawili mpaka chini, na Idwal akasema, "Basi, mpenzi, chai tuletewe hapa hapa," wakacheka, Mungu wangu walivyocheka, halafu Idwal akashindwa kunyamaza, kicheko kikawa kilio, na hawakumwambia mtu... akisema hawezi tena peke yake, Idwal atasikia kwamba yeye ni mzigo, Idwal ambaye ujanani alitoka kuchimba makaa ya mawe, mweusi tii, akambeba mgongoni kuvuka kijito ili viatu vyake vipya visilowe, na asiposema, siku moja watateremka hivyo hivyo kwenye ngazi, na hapo hapatakuwa na wa kucheka... "Bi Menna?" anasema Lowri kwa upole, na jibu liko tayari ulimini, jibu la mama yake na la mtaa mzima, tunajikaza tu, hatulalamiki, nikuongezee chai?... anamtupia Idwal jicho amwokoe kwa mzaha wowote, na Idwal hana mzaha, tabasamu limemwisha, anamtazama kwa hofu, na Menna anamjua huyu mtu, hofu hiyo haihusu kuitwa mzigo, ni hofu ya kumwonea huruma yeye, Menna, kumbe mzee wa watu naye alikuwa anangoja, siku zote hizi anangoja mkewe aseme, maana akisema yeye Idwal, mkewe ataona kamwaibisha, na mizaha yote ile ilikuwa ya kumsitiri... mjinga wangu wee, anawaza, tumekuwa wajinga wawili, na kalamu ya Lowri bado iko juu, chai bado inafuka, hakuna aliyetikisika, ila lile jibu la mama yake amelimeza, limeshuka, na sasa anamtazama Idwal usoni, anatafuta pa kuanzia.