Namba ya Bibi Sun-deok

Jumanne asubuhi, kabichi elfu tatu na ushei zikiwa zimelala kwenye maji ya chumvi tangu alfajiri, simu ya ofisi yetu ilikataa kumpigia binadamu yeyote.

Ningependa kusema nilianza kwa kuomba. Sikuanza kwa kuomba. Nilianza kwa kuipiga kofi.

"Mama Shemasi, usiipige," alisema Mwenyekiti Ma Jong-seok wa kikundi chetu cha wakulima hapa Haenam. Kisha akanisogeza, akaipiga yeye, kwa nguvu zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Redio ilitangaza baridi kali, nasi tukavuna siku mbili kabla ya tarehe tuliyowaahidi wateja. Nyumba mia mbili na arobaini, kuanzia Incheon hadi Busan, zilikuwa zinangoja kabichi Jumamosi. Sasa zingefika Alhamisi. Kabichi ya kimchi, achari yetu ya majira ya baridi, ikishatiwa chumvi haina subira. Ukiiacha mlangoni kwa mtu ambaye hajanunua pilipili, hajamenya figili wala kuwaita dada zake waje kusaidia, siku mbili tu inageuka kitu ambacho hata nguruwe atakiangalia mara mbili. Kila nyumba ilipaswa kupigiwa simu siku ileile, maana Jumatano mchana malori yanaondoka. Mwaka uliopita kikundi chetu kilipata mvua ya mawe. Mwenyekiti alishasema wazi kwamba mavuno haya yakiharibika, anauza shamba la mama yake na kwenda kuendesha teksi Gwangju. Kwa jinsi anavyoendesha trekta, niliwahurumia watu wa Gwangju.

Basi tulikuwa watatu ofisini: mimi, Mwenyekiti, na mkewe Mama Jun-ha, kila mmoja na simu yake na ukurasa wake wa majina. Unabonyeza namba, unangoja, halafu tuu-tuu-tuu, imekatika. Haikulia hata mara moja upande wa pili. Cha ajabu, ya kuingia iliingia vizuri. Mtu wa bima alitupata mara mbili.

Mwenyekiti alichomoa waya wa kisanduku cha simu, akahesabu hadi thelathini, akachomeka. Tuu-tuu-tuu. Akachomoa tena, akahesabu hadi mia. Mama Jun-ha akamwambia, "Hesabu hadi Krismasi, labda itakuonea huruma."

"Tutumie simu zetu za mkononi," nikasema.

Tukatumia. Watu wa mjini hawapokei namba wasiyoijua, hilo kila mtu analijua. Kati ya hamsini nilizopiga walipokea wanane, na watatu kati yao walipokea ili wanitukane. Nilipofika kama ya sitini, bwana mmoja wa Suwon akanisikiliza kwa upole kabisa, halafu akasema, "Mama, umri wako unasikika. Acha kazi hii. Hapa kwenye simu yangu umeandikwa: Tapeli, umeripotiwa mara saba."

Miaka kumi na tisa ya ujane, sijawahi kukosa ibada ya alfajiri, na saa nne asubuhi nimeshakuwa tapeli wa taifa. Nikampigia mchungaji anitie moyo. Hakupokea.

Nikatoka kwenda bandani kuchukua kahawa ya pakiti, kwa sababu mtu aliyeitwa tapeli anahitaji sukari. Humo bandani, karibu na mabeseni, kuna simu nyingine ukutani, imejaa chumvi na alama za glavu. Mama Gwak, msimamizi wa waoshaji, alikuwa ameishika begani akimfokea dereva wa lori.

"Umempigia wewe au amekupigia yeye?" nikamuuliza alipomaliza.

"Nimempigia mimi. Yule atampigia nani? Hata mkewe hampigii."

"Imeita?"

"Mama Shemasi, si umesikia nikimtukana? Nilikuwa namtukana nani, figili?"

Nikaweka kahawa chini. Simu ya bandani na za ofisini zinatoka kwenye kisanduku kimoja, waya mmoja, kampuni moja. Nikainua ile ya bandani, nikapiga namba yangu ya mkononi. Ikaita mfukoni mwangu. Nikaitoa nikaitazama: namba iliyoandikwa ilikuwa ile ndefu ya kikundi chetu, inayoanza na sifuri-saba-sifuri. Nikarudi ofisini, nikapiga tena namba yangu. Tuu-tuu-tuu, mfuko kimya.

Mimi ni mtu wa darasa la sita, lakini nimefuga kuku. Kuku wawili wakila chakula kimoja na mmoja akaumwa, huangalii chakula, unaangalia kuku. Nikajiuliza simu za ofisini zina nini ambacho ya bandani haina. Jibu nilikuwa nalijua kabla sijamaliza swali.

Zina namba ya Bibi.

Bibi Chae Sun-deok, mama yake Mwenyekiti, aliuza kabichi za chumvi kwa simu ya nyumbani iliyokaa sakafuni mwake miaka thelathini na mmoja. Nusu ya wanawake wa Seoul wamemhifadhi kwenye simu zao kama "Bibi Kabichi Haenam". Kikundi kilipofunga mtambo mpya wa simu tulipewa ile namba ya sifuri-saba-sifuri, na namba za namna hiyo nchi hii ni za wauza bima na watu wa kura za maoni, hapokei mtu hata nyumba ikiungua. Ndipo Fundi Bang wa Mokpo alipozirekebisha simu tatu za ofisini, tukipiga itokee namba ya nyumbani kwa Bibi. Bibi mwenyewe alikuwa hai, akatoa ridhaa, akaweka na saini. Ya bandani haikuguswa, kwa kuwa dereva wa lori hana hadhi ya kupigiwa na Bibi.

Bibi alifariki mwezi wa tatu. Mwenyekiti hakumwambia mteja hata mmoja. Namba ikaendelea kupiga. Kanisani kwetu hatufundishi kwamba wafu wanapiga simu, lakini mwaka huo mzima marehemu alipiga simu kuliko mimi niliye hai. Na wateja walipopiga kumrudishia, simu ililia katika nyumba tupu, ukuta kwa ukuta na yangu. Mwenyekiti alikuwa anavuka barabara mbio na mabuti ya mpira kwenda kupokea. "Mama yuko shambani," anawaambia. Na kweli alikuwa shambani, juu kidogo ya vitunguu saumu, tulimzika sote.

Nilivumilia hadi vuli. Halafu nikamwambia Mama Jun-ha kwamba ile ni dhambi, tena dhambi yenye kelele, inaniamsha katikati ya maombi. Akate laini ya marehemu. Naye jana, Jumatatu, alipokwenda mjini kununua glavu, alipita kwa kampuni ya simu na karatasi za marehemu, akaikata.

Yote hayo yalinipitia kichwani nikiwa nimesimama na simu mkononi. Kumwambia Mwenyekiti kulikuwa jambo jingine. Nikaona kwanza tumpate Fundi Bang, labda kosa ni la kwake. Nilimwomba Mungu liwe la kwake.

Tukampigia kutoka bandani, wote watatu tumezunguka simu ya chumvi, na Mama Gwak akijifanya anaosha.

"Mtambo wako mzima, Mwenyekiti," alisema Fundi Bang baada ya kuangalia kwenye kompyuta yake huko huko. "Simu inatoka kwako vizuri. Inakataliwa getini kwa kampuni ya simu. Siku hizi, kwa ajili ya matapeli, ukionyesha namba isiyo yako wanaifukuza hapo hapo. Hii namba ya Haenam inayoonekana ni ya nani?"

"Ya mama yangu. Imesajiliwa! Ina karatasi!"

"Ilikuwa imesajiliwa. Hapa naona imefutwa tangu jana. Laini haipo tena. Mama yako mzima?"

Mwenyekiti akageuka akatutazama mmoja mmoja.

"Nani aliyeifuta?" Mwenyekiti akauliza, hamwulizi fundi.

Mama Jun-ha alifungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi ndiye niliyemshauri. Mkeo alinisikiliza kwa heshima ya umri. Kama ni kupiga kelele, mpigie anayestahili."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akasema taratibu, "Mama Shemasi, umemzika mama yangu mara ya pili, siku nina kabichi elfu tatu majini."

"Ulikuwa hujamzika mara ya kwanza, Baba Jun-ha," nikasema. Sikukusudia kusema kwa ukali. Nilisema kwa ukali.

Fundi Bang, ambaye tulikuwa tumemsahau hewani, akakohoa. Kuirudisha namba kunawezekana, akasema, iandikwe kwa jina la mwana, lakini ni karatasi na siku kadhaa. Leo hii anachoweza ni kuzifanya simu za ofisini zionyeshe namba ya kikundi kama ile ya bandani. Zitatoka.

"Zitatoka, na hapokei mtu," akasema Mama Jun-ha.

"Hilo si la fundi, dada yangu."

Alilifanya kwa dakika kumi. Tukarudi ofisini, tukapiga. Simu zikaita vizuri kabisa, zikaita, zikaita, hadi zikachoka. Kati ya thelathini za kwanza walipokea wawili. Mmoja akasema ana bima tayari. Ilishafika saa saba mchana.

Nilikuwa nimemenya kiazi kitamu, sili, nakitazama tu. Nikafikiri: kutoka hatuwezi, lakini kuingia kunaingia. Mtu wa bima ametufundisha. Kwa nini tunawafuata? Wao ndio watufuate.

Incheon nina rafiki, Shemasi Pyo Geum-rye, tuliimba kwaya pamoja kabla hajahamia kwa mwanawe. Kila mwaka anaagizia nyumba kumi na nne za ghorofa lake. Na kila mtaa una mwanamke wa namna hiyo, anayejua nani ana wageni na nani amegombana na mkwe. Ukiwapata wanawake ishirini wa hivyo, umewapata wote. Nilimpigia kwa simu yangu ya utapeli. Yeye amehifadhi jina langu, akapokea.

"Geum-rye, kabichi zinafika Alhamisi. Waambie watu wako, na mashemasi wenzako wa mitaa mingine uwaambie. Kila mtu apige mwenyewe namba ya kikundi iliyo kwenye boksi la mwaka jana, athibitishe."

"Hawatapiga, dada. Watasema ni ujanja. Wamezoea kupigiwa na Bibi. Mwambie Bibi anipigie mimi, nitawaambia nimemsikia."

Nilifunika simu kwa kiganja. Mwenyekiti alikuwa amesikia kila neno, maana Geum-rye huongea kana kwamba Incheon iko ng'ambo ya mto.

"Anataka kumsikia mama yako," nikasema. "Mimi sitadanganya, na wewe huwezi kuiga sauti, nimekusikia ukiimba."

"Wakijua, hawataagiza tena. Walikuwa wananunua kwake, si kwangu."

"Basi watajua Alhamisi, kabichi zikioza mlangoni. Chagua."

Alitazama dirishani, kule juu ya vitunguu saumu. Akatoa mkono, nikampa simu.

"Shemasi Pyo," alisema, "mimi ni Jong-seok, mwanawe. Mama amefariki. Mwezi wa tatu. Ndiyo. Nilipaswa kusema. Waambie hivyo hivyo."

Halafu tukakaa tunaangalia simu. Dakika ishirini, hakuna kitu. Mama Jun-ha akasema huenda Gwangju kuna upungufu wa teksi. Mumewe hakucheka. Nikaomba, safari hii kweli, macho yamefungwa, na sikufika amina.

Simu ya kwanza ililia. Ya pili ikalia juu yake. Ya tatu. Kisha hata ya bandani, nikamsikia Mama Gwak akipaza sauti, "Hapa ni kwa waoshaji, lakini sema jina lako, naandika!" Wateja walilia, walituma rambirambi, walituuliza tuliwezaje kunyamaza miezi minane, wasio na haya sisi. Mmoja wa Daejeon alimtukana Mwenyekiti dakika tano nzima, halafu akaongeza boksi moja. Sita walifuta oda, nikawaandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Ilipofika saa kumi na nusu, majina mia mbili na ishirini na tatu yalikuwa na alama, na boksi za wale sita zilishapata wenyewe.

Moja niliisikia vizuri kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa amekaa karibu yangu. Alikuwa bibi wa Busan, mteja tangu simu ya sakafuni.

"Mwaka huu chumvi ametia nani?" akauliza.

"Mimi, bibi."

"Mwaka jana?"

"Mimi. Na mwaka juzi. Mama alikuwa anakaa kwenye kiti bandani ananitukana tu."

"Najua. Nilikuwa nasikia kwenye simu. Na kila mwaka nikipiga, alikuwa anakwenda kuonja jani la katikati, mimi nangoja hewani, halafu ananiambia. Wewe umeonja?"

"Bado, bibi. Leo simu zilikuwa—"

"Nenda kaonje. Nangoja."

Aliiweka simu mezani bila kuikata, akatoka mbio na mabuti yake ya mpira kuelekea mabeseni, huku simu nyingine mbili zinalia na hakuna wa kuzipokea. Nilisikia Mama Gwak akimfokea asikanyage zilizooshwa. Nikainua ile ya mezani kumwangalizia.

"Nani huyo?" akauliza bibi wa Busan.

"Ni jirani."

"Akirudi akisema ziko sawa, usimwamini. Onja na wewe."

Nikaweka kiazi changu kando, nikaenda.