Pini Midomoni mwa Fundi

"Kaa hapa uone vizuri, mkwe," mama wa bwana harusi alisema huku akiongeza sauti ya runinga. "Ni filamu ya Paka Shume, yule jambazi wa mtaani kwenu. Kisa cha kweli, wameandika."

Mjane wa fundi cherehani alikaa ukingoni mwa kochi, binti yake ubavuni. Walikuja kupanga siku ya harusi. Paka Shume ndiye aliyemuua mumewe, binti akiwa bado tumboni, lakini mama wa watu aliona haya kuanza ukwe kwa kuwaamuru wenyeji wazime runinga yao. Akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe subira.

Kikaonekana kibanda cha ushonaji, na fundi mnene mwenye jino la dhahabu. Mumewe alikuwa mwembamba kama uzi wake. Hilo alilisamehe. Mara Paka Shume akaingia, na yule fundi akainuka akicheka.

"Karibu, mwanangu. Mzigo wa jana nimeushonea ndani ya godoro."

Mjane akatazama kioo cha runinga, akawatazama wenyeji, kana kwamba mmoja wao angesema amesikia vibaya.

"Kumbe wenzetu mlilalia benki," baba wa bwana harusi alitania. Akacheka peke yake.

Mkewe hakucheka. "Mkwe, mambo haya husemwa kabla ya posa. Ukoo huulizwa."

Hilo lilichoma, lakini lililomkata maini lilitoka ubavuni pake.

"Mama," binti alinong'ona, "ni kweli?"

Mtoto aliyemlea peke yake, kwa sindano na sala. Leo anamuuliza habari za baba yake kwa sababu ya mtu mwenye jino la kubandika.

Mjane akapandisha mikono kichwani. Akachomoa pini za mtandio wake moja moja, akazipanga baina ya midomo, vichwa nje, ncha ndani, kama wafanyavyo mafundi wakipima nguo mwilini mwa mteja. Kisha akamgeukia mama mwenye nyumba, akamwashiria kwa mkono: niulize.

"Nikuulize nini?"

Akaashiria tena.

"Haya. Pesa ziko wapi?"

"Mm," alijibu mjane. "Mm-mm."

"Sema basi."

"Mm."

Baba wa bwana harusi akanyoosha mkono, akazima runinga.

Mjane akatema pini kiganjani.

"Siku ile nilikuwa kibandani, nyuma ya pazia, napiga pasi. Paka Shume aliuliza mara mbili tu, kama wewe. Hakungoja mume wangu atoe pini midomoni." Akamshika binti yake kidevu, akamwinua uso. "Baba yako hakumwambia karibu, mwanangu. Hakuwahi kumwambia neno."

Binti akazichukua zile pini kiganjani mwa mama yake. Akaanza kumfunga mtandio, na hakuna aliyetaja siku ya harusi mpaka alipomaliza.