Mkwe wa Mzee Lü

Kinyozi Vénérand alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wafalme wa China ya kale. Ulimwanzia kwenye simu, kama magonjwa mengi ya siku hizi. Mvua ilikuwa imemkosesha wateja katika saluni yake ya Glenwood, mjini Durban, akaangukia video ya yule mfalme wa kwanza, Qin Shi Huang, aliyetafuta dawa ya kutokufa mpaka, wasemavyo, ikamuua. Tangu hapo hapakuwa na mteja aliyenyolewa kimya. Ungeingia kupunguza ndevu tu, ukatoka unajua jinsi maiti ya mfalme ilivyosafirishwa pamoja na mikokoteni ya samaki ili jeshi lisigundue kinachonuka ni nini. Wateja walilalamika, lakini walirudi. Mkewe, Goreth, alisema heri mume anayezama China kuliko anayezama kwenye chupa, ingawa bando lilikuwa halifiki katikati ya mwezi.

Basi mpwa wake Nzeyimana alipotaka kumwoa Estella, hapakuwa na mjadala nani atakuwa msemaji. Kwa Warundi, mposaji hafungui kinywa siku ya kuomba mke, anasemewa. Wasemaji wa pande mbili hutazamana, wakarushiana mafumbo na historia, na binti mwenyewe hukaa chumbani mpaka wakubwa waelewane. Upande wa kike hujifanya wagumu, upande wa kiume hujifanya wanyonge, na mwishoni watu hula. Ni mchezo, ila kila mtu anajua kwamba ukichezwa vibaya huharibika kweli.

Na safari hii kilikuwepo cha kuharibika. Nzeyimana alikuwa yatima, kibarua wa kufunga makontena bandarini, hana mtu Durban ila mjomba mwenye mashine ya kunyolea. Estella alilelewa na Mzee Yeremia wa Queensburgh, kaka ya marehemu baba yake, mshonaji aliyeacha cherehani kwa sababu ya macho kufifia. Miezi mitatu mzee huyo alikuwa akiahirisha siku. Habari zilizofika saluni ni kwamba hakumtaka kijana, na kwamba hata posa ikisikilizwa, jibu lingekuwa hapana. Nzeyimana alikonda mpaka kola za shati zikampwaya. Vénérand akamwambia alale usingizi. Kazi ya ulimi aachiwe mwenye ulimi.

Jumamosi ikafika. Sebule ya Yeremia ilijaa, viti vya kukodi vikamwagikia mpaka uani, na kwa kuwa nusu ya wageni walikuwa Wakongo na Wakenya, ikakubaliwa maneno yawe ya Kiswahili. Vénérand alisimama ndani ya suti ya kijivu akasema wao ni wasafiri wenye kiu, wamesikia nyumba hii ina kisima. Yeremia akajibu kisima kimefungwa na ufunguo umepotea. Watu wakacheka. Vénérand akasema hawakuja bure, wamekuja na fundi wa kufuli. Yeremia akauliza huyo fundi ni mtoto wa nani, na mkononi ameshika nini. Lakini hapo mzee hakucheka, na Nzeyimana akainamisha kichwa.

Swali hilo ndilo Vénérand aliloliombea. Akakohoa kidogo, akaipeleka sebule nzima China. Alikuwapo kijana mmoja, akasema, aitwaye Liu Bang, askari mdogo wa kijijini, mpenda pombe, mfuko mtupu. Mzee Lü, tajiri aliyehamia pale, akafanya karamu. Wenye zawadi ndogo wakaambiwa wakae nje. Liu Bang akatangaza mlangoni kwamba ameleta sarafu elfu kumi, hali hana hata moja, akapita akakaa mbele kabisa. Mzee Lü badala ya kumfukuza akamtazama usoni, akampenda, akampa binti yake. Na yule mikono mitupu akaja kuwa mfalme, akaanzisha ukoo wa Han uliotawala miaka mia nne.

Akamaliza kwa kusema mkwe mwenye hekima hatazami viganja vya kijana, anatazama uso. Makofi yakapigwa. Mkenya mmoja akapiga mluzi. Vénérand alijisikia mrefu kuliko alivyoumbwa.

Yeremia alingoja makofi yaishe.

"Na binti?"

"Binti gani, Mzee?"

"Binti wa Mzee Lü. Aliishia wapi?"

Ukweli ni kwamba Vénérand hakujua. Video ya Liu Bang ilikuwa na vipande sitini. Yeye aliona tisa, bando likaisha, na lilipoongezwa akavutwa na mfalme mwingine. Akajibu kwamba alikuwa malkia, akaishi vizuri. Goreth aliangalia viatu vyake. Aliifahamu sauti hiyo. Ndiyo anayoitumia mumewe kumwambia mteja kwamba kipara hakionekani.

Yeremia akainuka, akausimulia mwisho polepole bila kukosea hatua. Binti yule alilima shamba huku mume akizurura vitani. Akatekwa na adui, akakaa mateka zaidi ya miaka miwili. Aliporudi alikuta mume amepata mke mwingine, kijana, na anataka kumnyang'anya mwanawe urithi. Moyo ukamgeuka jiwe. Mume alipokufa, alimkata yule mke mwenzie mikono na miguu, akamtupa chooni angali hai. Mama mmoja akaziba masikio ya mwanawe.

"Ndiyo ndoa mnayotuletea hapa?" akauliza Yeremia.

Nzeyimana alimtazama mjomba wake kwa macho ya mtu anayezama, na Vénérand akatamani ardhi ipasuke immeze, na suti yake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kunyoa, hakuwa na hadithi ya kuongezea. Akaona ajaribu kusema kweli.

"Mzee, mimi sikufika mwisho. Niliona kipande cha mbele, nikakimbia nacho kwa watu. Hiyo aibu ni yangu, si ya kijana. Lakini wewe umeona yote. Iko mahali yule binti aliulizwa kama anamtaka huyo mume?"

Yeremia akasema hapana, hakuulizwa. Hata mama yake alipopinga, aliambiwa hayo si mambo ya wanawake.

"Basi tumuulize wa kwetu. Mimi maneno yameniisha."

Minong'ono ikaanza, maana binti haitwi kabla ya wakubwa kuelewana. Mlango wa chumbani ukafunguka bila kuitwa mtu. Estella alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, kitenge kimevaliwa sawasawa, uso umelowa.

"Baba mkubwa, ile video tuliangalia mimi na wewe. Yale maandishi ya Kiingereza nilikuwa nakusomea mimi. Ile siku mfalme anakimbia adui, akasukuma watoto wake chini ili gari la farasi lipate mbio, ulisema nizime. Ukauliza, mwanaume gani huyu. Nikakwambia Nzeyimana hawezi kumsukuma hata mtoto wa jirani. Hukunijibu. Siku ile nilikuwa nakuomba ruhusa, na ulijua."

Yeremia akakaa. Ghafla alionekana mzee wa kweli, si wa heshima tu.

"Nilijua, mwanangu. Kijana sina neno naye. Lakini ukienda, nani atanisomea?"

Miezi mitatu Vénérand alidhani mzee anamdharau mpwa wake, akanoa ulimi kama wembe, kumbe mzee wa watu alikuwa anaogopa nyumba yenye ukimya. Alimhurumia, akajionea haya.

Yeremia akamgeukia Nzeyimana mwenyewe, jambo ambalo mila hairuhusu.

"Wewe. Kiingereza unasoma?"

Nzeyimana akamtazama mjomba. Vénérand akamwashiria kwa kichwa aseme.

"Kidogo, Mzee. Kile cha kwenye makontena."

"Utajifunza. Kila Jumapili baada ya ibada mnakuja wote wawili kunisomea. Ukoo wa wafalme wa Tang hatujaugusa."

Nzeyimana akasema Jumapili yenyewe ni kesho.

"Najua siku," akasema mzee, akajifuta macho kwa kiganja, akaagiza chakula kiletwe.