Mke wa Daktari Hana Faili

Mke wa daktari wa macho alikuwa anapofuka, na mtu wa mwisho kujua alikuwa daktari mwenyewe. Mganga hajigangi, wanasema. Sawa. Lakini jamani, hata mkewe? Mke anayelala naye kitanda kimoja na kufanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka ishirini na tatu?

Usimlaani kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kuanza kuita wagonjwa, alisimama mbele ya mabenchi ya kliniki yake, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, akajibu maswali ya watu. Wenye haya waliandika maswali yao kwenye vikaratasi na kuvitumbukiza katika kopo la maziwa ya unga lililokaa dirishani. Mkewe ndiye aliyevitoa na kuvisoma kwa sauti. Wagonjwa walimwita Mama Herufi, kwa sababu ndiye aliyesimama kando ya chati ya herufi ukutani na kuwauliza, "Hii? Na hii?" mpaka mtu akubali kwamba haoni tena. Chati yenyewe aliijua kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, kama mtu anavyojua majina ya wanawe.

Alhamisi hiyo watu walijaa mpaka mlangoni.

"Wa kwanza anauliza," alisema Mama Herufi, "karoti zinaponya macho?"

"Karoti ni nzuri, kuleni. Lakini hata ukimaliza gunia, kama ulihitaji miwani utabaki unahitaji miwani, na tumbo la kuuma juu yake."

Watu wakacheka.

"Huyu anauliza, kuvaa miwani kila siku hakufanyi macho yawe mavivu?"

"Kwani viatu vimefanya miguu yako iwe mivivu? Vaa miwani yako, bwana."

"Mtoto wa jicho anatoka kwa dawa ya matone?"

"Hatoki. Mtoto wa jicho ni upasuaji tu. Anayekuuzia matone ya kumtoa anakuuzia maji."

"Na huyu macho yanamwasha. Jirani yake alikuwa hivyohivyo, akapona kwa matone fulani. Anauliza kama anaweza kuyaazima."

Hapo daktari alipandisha sauti, maana hilo lilikuwa linamchoma siku zote. "Ebo! Nitasema mara ngapi? Kuna matone yanayotuliza muwasho siku ileile. Unaona raha, unaendelea mwezi, unaendelea mwaka, kumbe huko ndani yanapandisha presha ya jicho. Dawa ya macho haiazimwi. Njoo ufunguliwe faili, upimwe, uambiwe utumie siku ngapi, na siku zikiisha uache!"

Mama Herufi alikikunja kikaratasi hicho taratibu, akachukua kingine, akakileta karibu na uso.

"Huyu anasema kusoma anasoma vizuri. Lakini anagonga milango, anamwaga vikombe, na mtu akimjia kwa pembeni anashtuka. Jicho la kulia ni kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Anauliza, huo ni uzee? Na kama si uzee, akitibiwa, kuona kwake kunarudi?"

Utani ulimtoka daktari.

"Si uzee. Hiyo ni presha ya macho, na mimi naiogopa kuliko magonjwa yote ya macho, kwa sababu haiumi. Inaanza pembeni, inakula polepole, na mwenyewe hana habari. Ikishakula imekula. Kilichokwenda hakirudi kwa dawa wala kwa kisu. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki, basi." Akatazama mabenchi, uso kwa uso. "Halafu niulize na mimi. Huyu mtu anaishi na nani? Mtu anagonga milango ndani ya nyumba yake na watu wa nyumbani wanamtazama tu? Hao ndio vipofu."

Watu waliguna kumkubali. Mama Herufi akasema karatasi zimekwisha. Alilishusha kopo mezani, likakosa ukingo, likaanguka na kumwaga vikaratasi sakafuni.

"Haya, Mama Herufi leo hukunywa chai," alisema mzee mmoja, na watu wakacheka tena.

Daktari aliinama kuviokota. Aliyeandika swali lile la mwisho yumo humuhumu, alijiambia, tena nisipompata leo ataenda kupofukia nyumbani. Akaingia na vikaratasi katika chumba cha kupimia, akavipanga mezani, akitafuta kama mwandishi ameacha jina nyuma. Cha karoti kilikuwepo. Cha miwani, cha mtoto wa jicho, cha jirani, vyote vilikuwepo. Cha mtu anayegonga milango hakikuwepo. Kulikuwa na kipande kimoja tu cha ziada, kimekunjwa mara mbili, na hakikuwa na neno lolote, mbele wala nyuma.

Alidhani kingine kimebaki chini ya benchi. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango arudi kukitafuta, ndipo akaelewa: mkewe alikuwa amekisoma kile kitupu.

Vikombe vitatu tangu mwaka uanze. Naye alimtania, "Unavunja vya zamani ili ununuliwe vipya." Alama nyeusi begani, ambayo mkewe alisema ni kabati. Na zile ngazi za nyumbani! Siku hizi kila wakishuka, mkewe alimshika mkono wa shati asimwachie. Yeye, mtu wa miaka hamsini na nane, alidhani mahaba yamerudi. Alikuwa akitembea kifua mbele.

Tena mkewe alimwambia. Mwaka juzi, mchana, wakati wa kwenda kula: "Mwenzangu, naona kama pembeni kuna ukungu." Yeye akamsimamisha mbele ya chati. Mama Herufi huyo, asome chati! Aliisoma mpaka mstari wa mwisho kabisa. "Una macho ya mwewe wewe," alimwambia, wakaenda kula. Mgonjwa mwingine yeyote angepimwa presha, angetiwa dawa ya kupanua mboni, angefunguliwa faili. Rafu nzima ilijaa mafaili ya watu asiowakumbuka hata sura. La mkewe halikuwepo. Mke wa daktari hutibiwa jikoni, kwa maneno mawili, huku chai inapoa.

Akafungua mlango. "Mama, njoo ukae hapa."

"Wagonjwa wanangoja, Daktari."

"Kaa, mke wangu."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile alichokipangusa kila asubuhi, mikono juu ya magoti. "Haya. Nikimaliza nitapewa na karoti?" Daktari alijaribu kucheka, hakuweza.

Alimtia tone la ganzi, akapima presha. Haitakiwi kuzidi ishirini na moja. Jicho la kulia lilikuwa na arobaini na sita, la kushoto thelathini na nane. Akarudia, akiomba kipimo kiwe kibovu. Kipimo kilikuwa kizima. Akamulika ndani. Mshipa wa jicho la kulia, ule unaopeleka picha ubongoni, ulikuwa mweupe, umekwanguliwa kama bakuli la uji. Wa kushoto ulikuwa umebaki kidogo upande mmoja. Mara ngapi amewaonyesha wanafunzi mshipa wa namna hii bila hata kukunja uso! Leo aliuzima mwanga upesi.

Hakujua afanye nini, kwa hiyo akafanya anachofanya kila siku. Akachukua faili jipya na kuanza kujaza kutoka juu. Umri. Ugonjwa wa macho katika ukoo. Sukari. Akafika mstari wa tano, akauliza bila kuinua kichwa, "Umewahi kutumia dawa yoyote ya macho?"

Akainua kichwa, mkewe anamtazama.

"Ile uliyonipa," alisema mkewe.

"Ipi?"

Lakini alishaikumbuka. Wakati ule wa vumbi, miaka mitatu nyuma, macho ya mkewe yalipokuwa yakiwasha, daktari alitoa kichupa mfukoni mwa koti, pale mezani jikoni. "Tia hii, itatulia." Na ilitulia. Kichupa kilipokwisha mkewe alichukua kingine kwenye kabati la dawa la kliniki. Funguo si alikuwa nazo yeye?

"Nilikuambia wiki moja tu," alisema daktari. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Sikukuambia."

"Hukuniambia."

Daktari alivua miwani akalia, mtu mzima, na wagonjwa wako nyuma ya mlango. "Nimekupofusha mimi. Mimi, mke wangu, kwa mkono wangu huu." Mkewe alimwacha alie. Kisha akanyoosha mkono kuutafuta wa mumewe, akashika hewa, akaupata mara ya pili.

"Uliacha lini kuitia?" aliuliza daktari alipopata sauti.

"Miezi kumi sasa."

"Nani alikuambia uache?"

"Kile kikaratasi kinachokuwa ndani ya boksi. Maandishi yake madogo kama chawa, lakini nilikisoma chote. Kila kitu kimo."

"Miezi kumi!" Alisimama. "Ulijua miezi kumi ukanyamaza? Tungeliokoa jicho lote la kushoto! Kwa nini, mama? Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani nikiacha dawa macho yatarudi yenyewe, taratibu. Nikasema nitangoja yarudi, na wewe hutajua kamwe. Nakujua. Ungejua, usingemgusa mgonjwa tena maisha yako." Alikuwa anaongea kwa utulivu, kama anayesoma karatasi za Alhamisi. "Leo nimeona niulize kwanza. Ungesema yanarudi, ningeendelea kungoja."

Daktari aliirudisha kalamu mezani bila kuandika. Mkewe akaichukua, akalivuta faili, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaandika mstari wa tano mwenyewe. Kisha akamsogezea.

Alikuwa ameandika: *Matone. Alijinunulia dukani.*

"Futa, mama."

"Sifuti."

"Faili hili linakwenda kwa mpasuaji leo hii, aokoe kilichobaki. Atataka kujua nani alikupa."

"Atajua nini cha kumsaidia? Presha ni ileile." Sauti ikaanza kumvunjika. "Watu wote wale hapo nje, nani atawatibu wakisikia? Niachie mimi. Sema mke wangu alikuwa mjinga."

Daktari aliyakata maneno yale kwa mstari mmoja. Akaandika juu yake, kwa herufi kubwa ili mkewe aweze kuzisoma: *ALIPEWA NA MUMEWE, BILA KUPIMWA.* Akatia sahihi.

Mama Herufi aliyasoma, neno moja moja. Hapo ndipo alipolia.