Maziwa ya Lowell Kessinger

Asubuhi ya siku ya mashindano, Verna Kessinger alisuuza chupa, akaijaza maziwa na kuizungushia kitambaa kibichi yasipate joto. Nje majirani walikuwa wakielekea uwanjani na vikapu vya kuku wa kukaanga. Mji wa Corley, huko Indiana, haukufanya kazi siku hiyo. Ulikwenda kutazama magari.

Mumewe Lowell alikuwa fundi wa pembeni. Zama hizo kila gari la mashindano lilibeba watu wawili: dereva, na fundi aliyekaa ubavuni mwake akipampu mafuta na kuchunga magurudumu. Moshi uliwaunguza mafundi makoo, na Lowell hakujua dawa nyingine ila maziwa baridi. Mwaka uliotangulia alimgusa begani dereva wake, Rusk Bannerman, akamwonyesha gurudumu la nyuma lililokuwa likicheza. Rusk alikuwa anaongoza. Lowell akamgusa tena. Rusk akautikisa ule mkono kama anayefukuza nzi. Gurudumu likachomoka, Lowell akarushwa ukutani akafa. Rusk alitoka na mchubuko wa kiwiko. Bwana Thornburg, mwenye uwanja, aliamuru ukuta uoshwe upesi kwa sababu mbio zilikuwa hazijaisha.

Sasa Verna alipeleka maziwa kwa sababu Lowell alikuwa amerudi. Alfajiri alikutwa amekaa kwenye kiti chake garini, miwani machoni, shingo imelalia upande. Rusk alilizunguka gari akikuna kidevu.

"We Lowell, umerudi?"

Lowell akafungua kinywa tu. Koo lilikuwa kavu.

"Afadhali. Nilikuwa sijapata fundi."

Waamuzi wakaitwa, wakasoma kanuni. Kanuni ilitaka fundi awepo. Haikusema awe hai. Gari lilipopimwa, Lowell hakuongeza hata ratili moja.

"Huo ni uonevu!" alilalamika dereva wa gari la jirani. "Wangu ana tumbo kama gunia!"

"Basi na wewe muue wako," Rusk akamwambia, na watu wakacheka mpaka machozi, fundi mwenye tumbo naye akiwemo.

Gari jepesi likashinda. Liliposimama, Verna alipenya katikati ya watu na chupa yake. Lowell akamgeuzia uso, akafungua kinywa. Alikuwa na kiu ya mwaka mzima.

"Hebu lete hapa." Rusk akaipokonya chupa, akanywa, maziwa yakimchuruzika kidevuni, na wapiga picha wakafyatua kamera.

"Hayo ni ya mume wangu," Verna alisema.

"Atayashikaje, mama? Vidole vyake vinapita kwenye kila kitu. Tusimwage riziki ya Mungu bure."

Wakampigia makofi kwa jibu hilo.

Verna hakulia mbele yao. Alikwenda mpaka ukutani, akapiga magoti, akapabusu mahali pale. Mpiga picha mmoja akaona inapendeza, akamwita Rusk naye afanye hivyo.

"Sogea kidogo, mama," alimwambia Verna. "Kivuli chako kinaharibu."

Rusk aliubusu ukuta, akaubusu tena, mpaka mpiga picha akaridhika.

Mwaka uliofuata alishinda mtu mwingine. Kwa kuwa alikuwa ameiona picha gazetini, aliulizia maziwa kabla hajavua kofia, kisha akauliza ukuta wenyewe uko wapi. Bwana Thornburg akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hizo ni mila za uwanja tangu enzi na enzi. Akateua mfugaji wa kuleta maziwa, na Verna akaambiwa akae nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine. Kutoka hapo aliona kila mwaka mshindi akinywa, na Lowell kando yake amefungua kinywa.

Baadaye kanuni zikabadilika, magari yakawa ya mtu mmoja. Lowell akakosa kiti. Alikimbia kwa miguu nyuma ya magari, shingo upande, mkono ameunyoosha, na palipokuwa na gurudumu lililolegea alijitahidi kumfikia dereva ampapase bega. Watu walisema ni baraka. Dereva aliyeguswa na Lowell alishangiliwa na jukwaa zima, akakanyaga mafuta zaidi. Kadhaa walikufa hivyo, wakitabasamu.

Verna alikufa kwa nimonia katika majira ya baridi, akazikwa na gauni lake la bluu. Mwezi wa Mei, siku ya mashindano, alisimama langoni mwa uwanja na gauni hilohilo, udongo ungali kwenye pindo.

"Tiketi, mama," alisema mlinzi wa lango, mtu mpole aliyekuwa akitafuna karanga.

"Mimi nimekufa."

"Naona. Pole sana. Lakini tiketi?"

"Nimemfuata mume wangu. Lowell."

"Lowell yupi? Huyu anayekimbia?"

"Huyohuyo."

Mlinzi akatema ganda, akacheka bila ubaya wowote.

"Huyo hana mke, mama. Huyo ni wa uwanja."

Verna alitaka kumjibu, ila foleni ilikuwa ndefu na watu walishaanza kunung'unika. Ndani injini zikawashwa zote kwa pamoja. Akasogea kando, akawapisha walio hai.