Majani Yaliyomgeukia Mpimaji

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa macho yangu mawili, na moja lilifanyiwa upasuaji, kwa hiyo linaona vizuri kuliko lilipokuwa jipya. Nilikuwepo mezani. Nilikaa upande wa kikopo cha chumvi, lakini sikuitia wakati ule, wala sasa siitii.

Jirani yangu wa ukuta mmoja tulimwita Mpimaji, kwa kuwa alipima mipaka ya viwanja vya watu mpaka ofisi yao ilipofungwa. Mkewe ni muuguzi. Tangu hapo mke akawa ndiye mtu wa kutoka na kurudi na mshahara, mume akabaki na jiko.

Kila Jumapili asubuhi Mpimaji alikuwa akitengeneza sosi ya saladi. Alichukua chupa tupu ya jamu, akatia siki kijiko kimoja, haradali ya kuokota kwa ncha ya kisu, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi kidogo. Alisubiri chumvi iyeyuke kwanza, maana ikishakutana na mafuta haiyeyuki tena. Kisha mafuta vijiko vitatu. Akafunga kifuniko, akatikisa mpaka sosi ikawa nzito. Hakuonja kwa kijiko. Alichovya jani la saladi akalitafuna, akifikiri, kama mtu anayesoma ramani.

Akisikia tu getini sauti ya baba yake, aliyealikwa chakula kama mimi, alivua aproni, akamvalisha mkewe aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, akakimbilia sebuleni kufungua gazeti. Baba yake alikuwa dereva wa treni mstaafu, na kwake mwanamume jikoni alikuwa sawa na treni barabarani: kuna mahali imeacha njia.

"Mkwe, mkono wako una baraka," Mzee alikuwa akisema kila akimaliza sahani.

"Asante, baba," alijibu muuguzi, jicho moja limeshalala.

Basi Jumapili moja Mpimaji alitega sikio sana getini, akamimina siki bila kuangalia. Tulipokaa mezani, Mzee alitia jani mdomoni na uso wote ukakunjamana.

"Mkwe! Leo umetuwekea dawa ya vidonda?"

Dada yake Mpimaji, ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya kumchokoza wifi yake, akadakia: "Wifi, spiriti imewaishia huko hospitali? Mmehamia kwenye siki?"

Meza nzima ilicheka. Mpimaji naye alicheka, na si kidogo.

Hapo ndipo majani yalipogeuka. Kila jani ndani ya bakuli lilijizungusha taratibu, ncha zote zikamwelekea Mpimaji, kama watu kanisani mtu akipiga chafya. Mzee alilizungusha bakuli. Majani yakazunguka yakarudi kulekule.

"Upepo," alisema dada mtu.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Alilitazama, akasema, "Basi si upepo," akaomba apitishiwe mkate.

Jumapili zilizofuata majani hayakuishia kugeuka. Yalitoka bakulini yakavuka kitambaa cha meza, kila moja na mchirizi wake wa mafuta, nyanya zikibingirika nyuma. Muuguzi alinunua bakuli lenye kingo ndefu, yakapanda kingo. Siku moja Mpimaji alijifungia bafuni akidai tumbo linamsokota, na majani yakateremka kwa mguu wa meza, yakapanga foleni mlangoni. Mzee aliinua miguu yapite. Tuliokuwa na njaa tuliyafuata na uma.

Siku hiyo, nikiwa nimerudi kwangu, niliwasikia Mpimaji na mkewe wakiosha vyombo. Ukuta wetu ni mwembamba, sikuhitaji hata kujibanza.

"Baba watoto, sema neno moja tu. Sema, 'Ni mimi.'"

"Nitasema."

"Lini?"

"Ngoja kwanza Mzee azoee."

"Azoee nini? Majani yanatembea, kazoea. Wewe kupika ndiyo atashindwa?"

Nilisikia bomba likifunguliwa mpaka mwisho.

Mzee alikuwa na mipango yake. Jumamosi iliyofuata, alitangaza, angewaalika madereva wenzake wastaafu nyumbani kwa mwanawe, waje waonje saladi ya mkwe wake.

"Baba, Jumamosi natoka zamu," alisema muuguzi. "Nitakuwa sijalala."

"Saladi nayo ni kazi, mkwe wangu? Si kutikisa chupa tu?"

Mtikisaji wa chupa alikuwa akikagua dari.

Muuguzi alimsindikiza baba mkwe getini, akarudi, akasimama mbele ya gazeti la mumewe. "Nitasimama pale mbele ya watu mara moja hii tu," alisema. "Usiponisemea Jumamosi, sitakuomba tena." Mpimaji aliapa kwamba atasema.

Madereva wakaja, wazee wenye vifua vipana na sauti za kushindana na injini. Mpimaji alikuwa ametikisa chupa tangu alfajiri, na ile sosi, niseme haki, haikuwa na kasoro. Muuguzi alisimama na aproni iliyokuwa bado na joto la mgongo wa mumewe, macho mekundu, akagawa. Wazee wakasifu. Mmoja alimuuliza alifunzwa na nani, akajibu, "Na mtu wa nyumbani."

Kisha majani yakainuka kwenye sahani zote kwa pamoja. Yalivuka sebule mpaka kwenye kabati alikosimama Mpimaji, yakampanda suruali, yakajibandika kifuani na mabegani, mpaka akafanana na ua wa nyumba. Madereva walivuta viti kando kupisha. Anayejua ratiba hababaiki kitu kikipita.

Mzee alimgeukia mwanawe.

"Mwanangu, una jambo la kusema?"

Mpimaji alifungua mdomo. Muuguzi alishika kijiko cha kupakulia kwa mikono miwili, akasubiri. Mafuta yalikuwa yakimtiririka Mpimaji shingoni, yakiingia kwenye kola.

"Mpigieni makofi," alisema. "Mke wangu kajitahidi sana."

Wakapiga makofi. Muuguzi alishukuru kwa kichwa, akaenda kukaa jikoni peke yake. Mpimaji aliinamisha uso, masikio yanawaka, akaanza kujibandua majani moja moja na kuyaweka kwenye sahani, kwa uangalifu, kana kwamba kuna mwenye nayo atakayekuja kuyadai.

Mzee si mtu wa kuacha jambo likining'inia. Jumapili iliyofuata aliinua kiti cha mwanawe, akakiweka nyuma ya kiti cha mkwewe, magoti yakigusa mgongo. Bakuli lilipofika, majani yalimwelekea Mpimaji, na kwa kuwa mkewe alikuwa katikati, yakawa yanamwelekea yeye.

"Haya sasa," alisema Mzee. "Yanatazama panapostahili."

Mpaka leo ndivyo wanavyokaa. Mpimaji anakula kwa kupitisha mkono juu ya bega la mkewe. Muuguzi hajamwomba tena neno lolote. Jumapili akitoka zamu anavaa aproni mwenyewe, hangoji kuvalishwa.

Nilipomaliza kuwasimulia wajukuu kisa hiki, mke wangu aliita kutoka jikoni: "Wewe hodari wa kucheka waume za watu. Tengeneza na wewe tuone!"

Nikatengeneza. Niliwaambia wajukuu ni kazi ya mikono yangu mwanzo mwisho, nikaweka bakuli mezani, nikajiweka sawa kwenye kiti nipokee heshima zangu. Majani yakajinyoosha, yakanipita bila hata salamu, yakashuka mezani na kushika njia ya jikoni.

"Babu," alisema mjukuu mkubwa, "kwani nani alipima siki?"

Bibi yao.

"Na vitunguu saumu?"

Bibi yao. Na chupa pia alitikisa yeye, kwa sababu kiwiko changu kina matatizo.

Hawakucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikakunja mikono ya shati, nikaenda kuosha vyombo vyote, na masufuria. Ila kwanza nilifunga pazia la jikoni, majirani wasinione.