Mkunjo Kwenye Jicho la Mapepe

Mapepe hakupewa jina hilo bure. Tangu utotoni mdogo wangu huyu hakai kitako dakika mbili, na asubuhi ile alipokuja kupigwa picha ya jicho, siku ya tatu baada ya upasuaji wa leza, nilijua kazi ipo.

Pale kliniki mimi ndiye mpiga picha wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Daktari alikuwa amefunua utando mwembamba juu ya konea ya Mapepe, akapitisha leza, akaurudishia. Utando ule haushonwi. Unashika wenyewe, mradi usiguswe.

"Weka kidevu hapa. Tazama taa ya kijani. Usipepese."

"Sijapepesa."

"Umepepesa mara nne."

"Dada, unanihesabia kope?"

Picha ya kwanza ikatoka na ukungu, ya pili vilevile. Goti lake lilikuwa linacheza mpaka meza inatikisika. Nikamkandamiza bega. Ya tatu ikatoka safi, nikaikuza. Mstari wa utando, ambao ulipaswa kulala sawasawa, ulikuwa na mikunjo upande mmoja kama shuka la kitanda kisichotandikwa.

Kwetu mpiga picha hasemi kitu, daktari ndiye anayesoma. Nikajifanya naandika.

"Mbona kimya?"

"Subiri daktari."

"Nakujua wewe. Ukiwa na neno moyoni unalamba midomo."

Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama tena. "Naona ukungu tangu jana," akasema ghafla. "Nikashindwa kukwambia."

"Ulifikicha jicho?"

"Hata!"

"Mapepe."

"Ile ngao ya plastiki ya kulalia inabana, dada. Nikaivua. Kuamka, mkono uko jichoni."

Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kumkumbatia. Huyu ni fundi simu. Bila macho, zile skrubu ndogo kama mchanga atazishikaje? Nikabeba picha mbio kwa daktari, mama mtu mzima asiye na papara. Akazitazama, akavuta glavu.

"Bado mapema. Tutaufunua, tuusafishe, tuulaze upya. Mlete."

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Mimi nikabaki koridoni, nenda rudi, nenda rudi, mpaka dada wa mapokezi akaniuliza kama nimedondosha kitu. Wagonjwa wawili walinisubiri siku ile. Wa kwanza nilimpiga picha jicho ambalo silo.

Kesho yake nikampiga picha Mapepe tena. Mikunjo ilikuwa imekwisha, isipokuwa kijistari kimoja pembeni ambacho daktari alisema hakitamsumbua. Nikaenda msalani, nikalia kidogo, nikanawa uso.

Baada ya wiki tatu akasimamishwa mbele ya ubao wa herufi. Akashuka mpaka mstari wa chini kabisa, akakosea herufi moja, akabishana na daktari kwamba waliochapa ndio waliokosea.